Faustina mama, Faustina binti au Julia Domna: uvae dinari ya nani?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kidani cha riale. Ilikuwa ile riale ya Maria Theresa wa Austria, ya mwaka 1780, ambayo iliendelea kutengenezwa na mwaka huohuo muda mrefu baada ya mwenyewe kufa, ikawa pesa ya watu Ethiopia, Yemen, Oman na kwetu pwani. Mfua fedha aliitoboa juu ya kichwa cha malkia, akapitisha kipete, akaitia kwenye mkufu. Bibi aliivaa kila sikukuu, na akitaka kuswali aliivua akaiweka chini ya mto. Ilipofika mkononi mwangu, tundu lilikuwa limelika upande mmoja hadi limekuwa na umbo la yai, na pua ya malkia imesuguka ikawa bapa.

Kwa hiyo dada yangu aishiye London aliponipigia simu kusema anatafuta dinari ya Kirumi yenye sura ya mwanamke aifanye kidani, sikuona jambo geni. Kuvaa sarafu ya malkia ni mambo ya nyumbani. Kilichotushinda ni kuchagua. Kila tulipotazama tulikuta majina matatu yaleyale: Faustina mama, Faustina binti na Julia Domna. Zote ni za fedha, zote zina ukubwa mmoja, na bei zao zinakaribiana. Tulizungushana kwa wiki tatu, na haya ninayoandika ndiyo niliyotamani mtu atuambie siku ya kwanza.

Tupime kwa nini?

Dinari ni ile inayotajwa kwenye Injili, ujira wa kibarua kwa kutwa moja. Upana wake ni milimita 17 hadi 19, karibu na ukucha wa dole gumba, na zama za wanawake hawa watatu ilikuwa na uzito wa gramu 3 na kitu. Riale ya bibi ina gramu 28. Ungehitaji dinari nane kuifikia, na bado zisingetosha. Kwa hiyo jua mapema kwamba dinari ni kitu kidogo, chepesi, cha kusogelewa ndipo kionekane. Anayetaka kidani kitakachoonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi wa harusi atafute kingine.

Vipimo vyangu ni vinne. Cha kwanza ni uso: je, nywele na sura vinasomeka hata sarafu ikiwa imechakaa? Cha pili ni fedha iliyomo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoamua sarafu itavumilia nini mikononi mwa fundi na juu ya ngozi yako. Cha tatu ni upande wa nyuma, ambao utalala kifuani mwako na ambao, kwa mtu wa dini, si jambo dogo. Cha nne ni upatikanaji. Habari za mwanamke mwenyewe sikuzifanya kipimo, lakini najua ndizo zinazoishia kuamua, kwa hiyo naanza nazo kwa kila mmoja.

Faustina mama

Huyu ni mke wa Kaisari Antoninus Pius, aliyetawala kuanzia mwaka 138 hadi 161. Alifariki karibu mwaka 140, mumewe akiwa ndio kwanza ameketi kwenye kiti. Antoninus hakuoa tena. Alimjengea hekalu katikati ya Roma, na nguzo zake zimesimama hadi leo zikiwa zimekumbatia kanisa la San Lorenzo in Miranda. Alianzisha mfuko wa kulea mabinti wa watu wasiojiweza, ukaitwa kwa jina la marehemu. Na kwa miaka yote 20 iliyobaki aliendelea kutoa sarafu zenye sura yake. Dinari nyingi za Faustina mama, basi, ni za baada ya kifo, zimeandikwa DIVA FAVSTINA (herufi V husomwa pia U), maana Warumi walikuwa wamemhesabu miongoni mwa miungu.

*Uso.* Nywele zake zimesukwa misuko, misuko ikazungushwa na kukusanywa juu ya utosi kama ukindu uliovingirishwa. Msusi yeyote akiiona ataelewa kazi iliyofanyika. Kwa sababu msuko huo umeinuka juu, ndio unaobaki hata shavu likishasuguka. Sarafu ya Faustina mama iliyochakaa bado ni Faustina mama.

*Fedha.* Ni nzuri kuliko zote tatu, takriban sehemu nne katika tano ni fedha tupu. Rangi yake ni ya kijivu kilichotulia.

*Nyuma.* Kuna AETERNITAS, yaani umilele, akiwa mwanamke aliyesimama. Kuna Ceres, mlinzi wa mavuno, ameshika masuke. Na kuna CONSECRATIO, yaani kufanywa mungu, yenye tausi, ndege ambaye Warumi waliamini anapeleka roho ya malkia mbinguni. Ile ya tausi ndiyo iliyonishika mimi. Tausi mdogo, mkia umeburura chini, shingo imegeuka. Asiyependa kuvaa sanamu ya mungu wa watu wengine shingoni anaweza kukaa na tausi kwa amani zaidi.

*Upatikanaji.* Rahisi. Miaka 20 ya kutengenezwa si mchezo. Yenye hali ya kati mara nyingi haipiti dola 150, ila ya tausi iliyotoka vizuri hupanda.

*Inamfaa nani?* Anayemnunulia mkewe, na anayevaa kwa ajili ya mtu aliyetangulia. Sijui sarafu nyingine ya zamani inayobeba mapenzi ya mjane waziwazi namna hii.

Faustina binti

Huyu ni mtoto wa yule wa kwanza. Aliolewa na Marcus Aurelius mwaka 145, na mwaka 147, baada ya kujifungua mara ya kwanza, akapewa cheo cha Augusta, yaani malkia mtukufu. Alizaa watoto wasiopungua 12, na wengi aliwazika wakiwa wadogo. Alifuatana na mumewe vitani hadi akaitwa Mama wa Kambi, na safarini ndiko alikofia, karibu mwaka 175, katika kijiji cha Halala ndani ya nchi ambayo leo ni Uturuki.

*Uso.* Ni laini na wa kijana zaidi. Nywele zina mawimbi, zimerudishwa nyuma na kufungwa fundo kisogoni. Alibadilisha mitindo kadri miaka ilivyokwenda, kwa hiyo usinunue kwa jina tu, tazama picha. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi yale ni mepesi: sarafu ikichakaa, nywele na shavu huwa kitu kimoja. Kwa Faustina binti ningelipa zaidi nipate iliyo nzuri, au niache.

Hapa pana mtego. Naye alipokufa aliandikiwa DIVA FAVSTINA, sawa na mama yake, na wauzaji wasio makini huchanganya. Angalia nywele. Fundo likiwa utosini ni mama, likiwa kisogoni ni binti.

*Fedha.* Imeshuka kidogo kuliko ya mama, lakini mvaaji hataona tofauti.

*Nyuma.* Hapa ndipo anapowashinda wenzake kwa mtu mwenye watoto. FECVNDITAS, uzazi, ni mwanamke na watoto wake. SAECVLI FELICIT, heri ya zama, ni kiti cha enzi ambacho juu yake wameketi watoto wawili, mapacha aliowazaa mwaka 161, na mmoja wao ndiye Commodus aliyekuja kutawala. Watoto wenyewe ni vidoto tu vya fedha, vikubwa kama punje ya mtama, lakini ukiinamisha sarafu kwenye mwanga unaona mikono.

*Upatikanaji.* Zipo nyingi, bei haitofautiani sana na za mama. Ya mapacha hutafutwa, nayo huuzwa ghali kuliko zenzake.

*Inamfaa nani?* Mzazi, na hasa mama wa mapacha. Pia anayetaka uso mwororo usio na makuu.

Julia Domna

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiye dada yangu aliyemchagua na ndiye anayehitaji maelezo zaidi kabla hujamkabidhi kwa fundi.

Alizaliwa Emesa, mji ambao leo ni Homs nchini Syria. Mumewe, Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna, kwenye pwani ya Libya ya leo, na ndiye Kaisari wa kwanza wa Roma kuzaliwa Afrika. Alitawala kuanzia mwaka 193 hadi alipofia York, Uingereza, mwaka 211. Berlin kuna mchoro wa rangi juu ya ubao, ulitoka Misri, unaomwonyesha Severus mwenye ngozi ya maji ya kunde, Julia pembeni yake, na watoto wao wawili mbele. Uso wa mmoja umefutwa. Ni Geta, aliyeuawa kwa amri ya kaka yake Caracalla mwishoni mwa mwaka 211, na mwanahistoria Cassius Dio ameandika kwamba aliuawa mikononi mwa mama yao. Julia aliishi na muuaji wa mwanawe, akamsaidia kuendesha barua na maombi ya dola, na alifariki mwaka 217 baada ya Caracalla naye kuuawa.

*Uso.* Una nguvu. Nywele ni nzito, zimeshuka kwa mawimbi yaliyopangwa mistari hadi zinafunika masikio na shingo, kama kofia ya chuma. Wengi huamini ni nywele za bandia. Kwenye kidani mistari ile inashika kivuli vizuri mno, kwa hiyo husomeka hata kwa mbali kidogo. Maandishi pia yanakusaidia kujua umri wake: IVLIA DOMNA AVG ni za mwanzo, IVLIA AVGVSTA ni za kuanzia 196 hadi 211, na IVLIA PIA FELIX AVG ni za miaka ya mwanawe.

*Fedha.* Soma hapa taratibu. Severus alihitaji kulipa majeshi, akapunguza fedha ndani ya dinari hadi karibu nusu. Nusu nyingine kwa sehemu kubwa ni shaba. Lakini sarafu hazikutoka na wekundu, kwa sababu kabla ya kupigwa chapa shaba ya juu iliondolewa, ikabaki ngozi nyembamba yenye fedha nyingi. Ngozi hiyo ndiyo unayoiona leo. Ukiisugua kwa magadi, kwa limau au kwa kitambaa cha kung'arishia, unaiondoa, na chini yake kuna rangi ya hovyo isiyorudi tena. Faustina wote wawili nao wana ngozi ya namna hii, lakini kwao iliyo chini bado ni fedha nzuri, hivyo kosa lile huumiza kidogo. Kwa Domna halisameheki.

*Nyuma.* Zipo za kila namna. PIETAS, yaani uchaji, amesimama anaomba, mungu wa kike Vesta ameketi, na mwenzake Juno ana tausi miguuni. VENERI VICTR ni Venus, mungu wa mapenzi, aliyegeuza mgongo, nguo imeteremka, na wapo watakaoona si ya kuvaa mbele ya wakwe. Niliyoipenda kupita zote ni SAECVLI FELICITAS yenye Isis, mungu wa kike wa Misri, akimnyonyesha mwanawe Horus, mguu mmoja ameukanyagisha kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Mtu wa pwani akiona omo lile hahitaji kuelezwa.

*Upatikanaji.* Rahisi sana, na bei ziko kwenye kiwango kilekile. Ya Isis huchukua muda kuipata katika hali nzuri.

*Inamfaa nani?* Anayetaka sura yenye msimamo, anayeguswa na historia ya Afrika na Syria ndani ya Roma, na aliye tayari kuacha sarafu iwe na weusi wake.

Namna ya kuifunga

Uso ukishachaguliwa, nusu ya pili ya uamuzi ni fremu, na hapa nina maoni makali. Dinari haitobolewi, wala haichomelewi kipete moja kwa moja. Fedha iliyokaa miaka 1,800, nyingi ikiwa ardhini, huwa imekauka ndani. Shaba yake imeliwa katikati ya chembe na sarafu imekuwa kama biskuti ingawa kwa macho ni nzima. Lehemu ya fedha inataka moto wa nyuzi 650 za selsiasi na zaidi. Sarafu ya kwanza ya dada yangu, Domna wa Pietas, ilipelekwa kwa fundi aliyeahidi kuifanya "dakika kumi tu". Ilirudi imekuwa nyeupe kama bati, na ufa kutoka ukingoni hadi kwenye jicho. Nimeishika. Ukiipeleka karibu na sikio na kuigonga kwa ukucha, inatoa sauti ya kigae.

Zinazofaa ni tatu. Fremu ya ukingo ni mkanda mwembamba unaozunguka sarafu yote: mfua fedha anaichomelea kipete ikiwa tupu, anaiacha ipoe, ndipo anaweka sarafu na kukunja midomo yake juu kwa kifaa. Hulinda kingo kuliko nyingine na inafaa kwa kuvaa kila siku. Hasara yake ni kwamba dinari zilipigwa kwa mkono, hazina duara kamili, na mkanda unaweza kufunika herufi za maandishi. Fremu ya vijimeno vinne inaacha karibu sarafu yote wazi pande mbili, inafunguka bila shida, ila vijimeno hunasa mtandio. Fremu ya skrubu, inayofungwa juu kwa skrubu ndogo, ni nene kidogo kwa macho lakini unaitoa sarafu mwenyewe nyumbani. Vyovyote iwavyo, mpe fundi sarafu yenyewe aipime, usimpe kipimo cha kwenye karatasi.

Pete sikuipendekeza kwa yeyote kati ya hawa watatu isipokuwa Faustina mama, na hata hivyo ya siku maalumu. Mkono hugonga mlango, hugonga sufuria. Hereni zinadai sarafu mbili zilizofanana, na dinari mbili zilizofanana kabisa hazipo.

Kuhusu sura na swala sitoi fatwa, muulize anayekufundisha dini. Ninachoweza kusema ni kwamba mkufu mrefu wenye kifungo chepesi humrahisishia anayevua mara tano kwa siku.

Paka marashi kwanza, yakauke, ndipo uvae. Ukivua futa jasho kwa kitambaa kikavu cha pamba. Usiihifadhi pamoja na mpira wa kufungia, mpira huipaka fedha weusi wa haraka.

Kabla hujalipa

Omba hati inayoonyesha sarafu ilitoka wapi na imekuwa mikononi mwa nani. Uturuki imepiga marufuku kutoa mambo ya kale nje ya nchi, na tangu Februari 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa limezuia biashara ya mambo ya kale yaliyoporwa Syria.  Muuzaji anayekwepa swali amekwisha kujibu.

Pima uzito pia. Ikiwa na gramu 2 au 5, uliza zaidi. Tazama ukingo kwa lenzi: mstari unaozunguka kama mshono ni dalili ya sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu, na dinari halali zilipigwa kwa nyundo. Ukijani unaochungulia chini ya fedha unaweza kuwa sarafu ya shaba iliyovikwa fedha na walaghai wa zamani zile zile. Nayo ni ya kale, ila usiivae, jasho litaimaliza.

Kwa hali yako

Ukitaka ya kuvaa kila siku, kazini na sokoni, chukua Faustina mama ndani ya fremu ya ukingo. Fedha yake inavumilia, na akisuguka bado atajulikana.

Ikiwa ni zawadi ya aliyejifungua, Faustina binti wa FECVNDITAS, na vijimeno ili nyuma ionekane. Usikimbilie ya bei ya chini.

Ikiwa utavaa kwenye shughuli na kuirudisha sandukuni, na unataka watu wasogee na kuuliza "huyu ni nani?", basi Julia Domna. Mwambie fundi kwa maneno, na ikibidi umwandikie, kwamba sarafu isioshwe. Dada yangu alibandika karatasi juu ya kibahasha: USISAFISHE. Safari hii Isis amerudi salama, weusi wake wote umo kwenye mikunjo ya nguo.

Mfuko ukiwa mwepesi, dinari yoyote kati ya hizi iliyochakaa lakini yenye hati ni bora kuliko nzuri isiyo na hati. Na ukitaka kuogelea nayo au kumpa mtoto aichezee, nunua nakala ya fedha ya 925 iliyoandikwa wazi kuwa ni nakala.

Na kama nyumbani mna riale ya bibi iliyokwisha kutobolewa, huhitaji dinari. Yangu niliipeleka kwa mfua fedha wa mjini, akaivisha mkanda wa fedha kuzunguka ukingo na kipete kipya juu ya mkanda. Tundu la zamani liko palepale juu ya kichwa cha malkia, ila halibebi uzito tena.